Mzazi: Hakuna

"Nimesema futa, Mama Tumpale. Sikusema ficha."

"Na mimi nimesema sifuti kitu kinachokunywa maji."

"Hata bomba linalovuja linakunywa maji!"

"Bomba linalovuja halilali, Mkurugenzi. Hiki kinalala. Usiku kinapunguza, kukicha kinaongeza, na shule ikifungwa kinakunywa kidogo kama mtoto aliyenuna. Njoo uangalie mwenyewe."

Hakuja. Mkurugenzi Mwasomola hana desturi ya kuangalia kitu ambacho ameshakitolea amri. Alisimama mlangoni mwa chumba cha menyu, tumbo ndani, visigino nje, kama mtu anayetaka ugomvi uishe kabla hajaingia.

"Nusu ya mchwa wa mji huu," alisema, "nusu, mama, wamo ndani ya kitu kisicho na mwenyewe, ambacho aliyekianzisha ameshazikwa. Ghorofa ya Wazazi haichimbiki. Vijana wameoa, wanalala kwa mama zao kama vifaranga. Binti yako mwenyewe ni mmoja wao. Halafu unaniambia kinalala!"

"Nakuambia ninachokiona."

"Mimi naona jaribio lililosahaulika. Baraza linakaa mchana. Ukiwa hujafuta, baraza litatafuta kidole kingine cha kubonyeza, na wewe utakwenda kupima mahindi sokoni."

"Nitapima vizuri tu. Wewe nitakupunguzia."

Alicheka bila kutaka, akakasirika kwa kuwa amecheka, akaondoka.

Watu wakiniuliza kazi yangu nasema natunza menyu, na wageni wa kazi hii hudhani ninapika. Lakini Kichuguu, mji wetu, hakina fundi mwashi wala seremala. Tangu tulipokimbilia ndani ya mlima huu, jua la nje liliposhindikana, mji wote umeishi kwa menyu. Nikiandika jina la mahali na kulipatia mzazi, yaani nikisema mahali hapo patakuwa chini ya Soko, au Shule, au nyumba ya fulani, mchwa wanakwenda kuchimba. Hao ni mchwa wa chuma, wadogo kama punje za ulezi. Wanatafuna mwamba, wanautema ukiwa ukuta, wanachonga jina juu ya mlango kama lilivyoandikwa, herufi kwa herufi. Siku moja nilikosea nikaandika "Zahanti". Mpaka leo iko hivyo, na wagonjwa wanapona.

Kila mahali pana anwani, na maji na hewa vinafuata anwani. Menyu ni ile orodha iliyo kwenye ubao wa Uwanja tu, ya watu kusoma. Hapo ndipo wengi wanapochanganya. Nikibonyeza Ficha, jina linatoka ubaoni na mlango unazibwa, lakini anwani inabaki hai. Maji yanakwenda, hewa inakwenda, na anayeijua anwani akisimama mbele ya ukuta, akapiga hodi na kuitaja, ukuta unamfungukia. Nikibonyeza Futa, anwani inakufa. Mchwa wanarudi, wanazila kuta, wanajaza vumbi la mwamba, na baadaye hapo huchomeki hata sindano.

Vitufe hivyo viwili vinakaa jirani. Vinaanza kwa herufi moja na kuishia kwa herufi moja. Kabla yangu kulikuwa na mtunza menyu aliyetaka kuficha stoo ya mtu, akabonyeza jirani yake, na mjane wa ghorofa ya chini alirudi kutoka kununua chumvi akakuta ukuta. Ndoo yake ilibaki nje, imekatwa nusu. Ndipo ikatungwa sheria: kitu kilicho chini ya nyumba ya mtu hakifutwi bila kidole cha mwenye nyumba, hata baraza lipige magoti.

Lakini hiki hakikuwa chini ya nyumba ya mtu. Nilikitazama tena pale chini kabisa ya orodha, kwa yale maandishi ya kijivu ya vitu vilivyofichwa.

Anwani: jaribio/jaribio-la-pili/nakala. Hali: kimefichwa. Mzazi: hakuna.

Kila anayefanya kazi hii anaachaga vitu vya namna hiyo. Kabla ya kujenga cha kweli unatengeneza cha kujaribia, unakificha watu wasikione, kazi ya kweli inakuja, unasahau. Nimefuta majaribio mengi ya namna hiyo bila kufikiri. Hayakuwa yakinywa maji.

"Mama, bado hujafuta?"

Tumpale, mwanangu, aliingia akitanguliwa na tumbo. Mimba yake ilikuwa mwezi wa nane, na mdomo wake ulikuwa umetangulia kuzaa.

"Shikamoo kwanza," nikasema.

"Shikamoo. Nimekutana na Mkurugenzi amevimba kuliko mimi. Mama, chumba changu kiko hapo hapo kwenye orodha yako, cha kijivu, kinasubiri mchwa. Wewe ndiye unayewashikilia?"

"Kaa chini."

"Sikai. Nimechoka kukaa kwako. Nampenda Gwakisa, unampenda Gwakisa, lakini mama mkwe kulala pazia moja na mkwewe ni kitu gani? Jana alitaka kukohoa, akatoka mpaka korido ya Soko kwenda kukohoa. Kwa heshima yako!"

"Nilimsikia akirudi. Hata kurudi alirudi kwa heshima."

Hakucheka. Nami sikumlaumu. Kila nyumba katika Kichuguu inaruhusiwa mtoto mmoja, maana yake chumba kimoja cha kuongezwa chini ya anwani yake, kule Ghorofa ya Wazazi, kwa kijana wake aliyeoa au kuolewa. Cha nyumba yangu nilikwisha kukiandika: chumba-cha-tumpale. Kilikuwa jina tu. Hakikuwa na ukuta wala tone la maji. Kilikuwa kimefichwa mpaka mchwa wapatikane, na mchwa walikuwa kule.

Ukuta ukagonga. Ko, ko, ko.

"Mlima unajinyoosha," alisema Tumpale, kama tunavyowaambia watoto wote.

Mimi nilikuwa nikitazama mstari wa maji wa ile anwani. Ukuta ulipogonga, mstari uliruka. Uligonga tena, ukaruka tena. Nilikuwa nimeusikia mlio huo tangu nikiwa msichana, na mara zote nilisema mlima unajinyoosha, kwa sababu mama yangu alisema hivyo.

Nilichukua kishikwambi changu kilicho na menyu yote ndani yake, nikafunga kitenge vizuri.

"Unakwenda wapi?"

"Kuona ninachoambiwa nikiue."

"Nakuja. Siwezi kukuacha uende peke yako ukamezwe na ukuta, halafu mimi ndiye nikaitwe kwenye baraza kueleza."

*

Anwani ilitupeleka nyuma ya darasa la awali, kwenye uchochoro wa matangi. Watoto walikuwa wakiimba ng'ambo ya ukuta. Mwalimu wao, kama walimu wote wa Kichuguu, anawafundisha vitu ambavyo hawajaviona: ng'ombe, mto, mvua. Kisha anawafundisha adabu. Tuliwasikia wakipokezana, nusu ya darasa wakisema hodi, nusu wakiitikia karibu.

"Na usipojibiwa?" mwalimu aliuliza.

"Unapiga tena!"

"Na usipojibiwa tena?"

"Unapiga ya tatu, unaondokaaa!"

Niligonga ukuta. "Hodi," nikasema, nikajiona mjinga kuongea na mwamba wa nyuma ya matangi. "Jaribio, jaribio la pili, nakala."

Ukuta ulifunguka taratibu, kwa adabu, kama pazia linaloshikwa na mtu upande wa pili.

Ndani kulikuwa na chumba kitupu cha kawaida, mraba, kama majaribio yote. Juu ya mlango wa pili kumechongwa JARIBIO. Hilo liliandikwa na mtu. Tulipita. Juu ya mlango uliofuata kumechongwa JARIBIO LA KIVULI.

Nilisimama.

"Ni nini?" Tumpale akauliza.

"Hilo halipo kwenye menyu. Hakuna mtu aliyeandika hilo."

Mchwa huchonga walichoandikiwa. Katika masomo yangu yote ya diploma, na katika miaka yangu yote kwenye kiti kile, sijapata kusikia mchwa aliyechonga neno lake mwenyewe.

Chumba cha kivuli kilikuwa na taa moja na nguzo za mawe zilizotoboka-toboka, na sakafuni kulikuwa na kivuli cha majani. Majani hayakuwepo. Nguzo tu, na mashimo yake, na mtu mwenye subira asiyejulikana aliyeyapanga mpaka mwanga ukaanguka kama chini ya mti. Nilikuwa mdogo sana tuliposhushwa humu mlimani, lakini ngozi yangu ilikikumbuka kivuli kile. Nilisimama ndani yake.

Kishikwambi kikatetemeka mkononi. Sasa nilikuwa ndani ya anwani, na orodha ya watoto wake ilikuwa inajifungua. Jaribio la kivuli. Jaribio la upepo. Jaribio la harufu ya udongo. Nikavuta orodha chini, ikaja nyingine. Nikavuta tena. Chini ya kila mtoto kulikuwa na watoto, na chini yao wajukuu. Nikaendelea kuvuta mpaka kidole kikachoka, na orodha haikufika mwisho. Tulikuwa tumeficha mtoto mmoja asiye na mzazi, na nyuma ya ukuta amezaa ukoo.

"Mama," Tumpale alisema kwa sauti ndogo, "watu wangapi wamejenga huku?"

"Hakuna mtu."

Tulipita JARIBIO LA MVUA. Mle ndani maji yalikuwa yameanguka siku moja kama shuka, yakapasua sakafu. Waliojenga hawakukificha kile chumba. Waliacha kosa lao lionekane. Kilichofuata kilikuwa JARIBIO LA MVUA TENA: humo yalikuwa matope matupu mpaka magotini. Kisha JARIBIO LA MVUA TENA TENA, ambacho kilikuwa na chumvi kila mahali, nyeupe, kama unga uliomwagika. Nilianza kuvionea huruma vile vyumba. Nilikuwa naijua hali hiyo. Ni ya mtoto anayechora nyumba, anafuta, anachora tena, kwa sababu amesikia habari za nyumba lakini hajaiona.

Kisha korido ikaisha, na mlima ulikuwa mtupu ndani.

Sijui niseme ulikuwa mkubwa kiasi gani. Uwanja wetu wa Kichuguu, tunaojivunia, ungeingia pale kama stuli kwenye sebule. Paa lilikuwa mbali mpaka lilikuwa na ukungu wake. Mchwa walikuwa wamepitisha maji ya moto chini ya sakafu na kulipoza paa kwa maji baridi ya kina, mvuke unapanda, unagota, unarudi. Nayaeleza sasa kwa sababu nimefuatilia mabomba. Wakati ule sikufuatilia kitu. Tone moja liliniangukia juu ya mkono.

Tumpale alirudi nyuma, akanivuta. "Mama, paa linavuja! Tutoke!"

"Halivuji."

"Si unaona linavuja!"

"Hiyo ni mvua, mwanangu."

Ilianza kwa mbali, tukaisikia kabla haijatufikia, ile sauti ya kitu kikubwa kinachotembea kwa miguu midogo mingi. Halafu ikatufikia. Haikuwa ya matope. Haikuwa ya chumvi. Nililamba midomo yangu kama mtoto. Chini kulikuwa na udongo, udongo wa kweli uliosagwa kutoka kwenye mwamba na kulowekwa sijui kwa muda gani, na udongo ule ulipolowa ukatoa harufu. Nikajikuta nimeketi. Sikuamua kuketi. Mimi si mtu wa kulia, waulizeni wanaonijua, wamenizikia ndugu wawili na hawajaona chozi. Nilikaa kwenye udongo nikaacha mvua initende ilivyotaka.

Tumpale alikuwa amesimama, mikono imeshika tumbo, uso juu, macho amefumba, maji yanateremka shingoni. Akafungua mdomo. Akafunga. Akafungua tena.

"Inalia kama watoto wanavyoiimba," alisema mwishoni.

Hapo nikaelewa. Ukuta wa darasa la awali. Miaka yote hiyo, kizazi baada ya kizazi cha watoto wakiimba mvua wasiyoijua, na ng'ambo ya ukuta kulikuwa na wasikilizaji. Mtunza menyu wa kale aliandika neno moja, jaribio, akaondoka. Mchwa walifanya walichoandikiwa. Walijaribu. Walijaribu kila kitu walichokisikia.

Ndiyo maana likizo zilikuwa za huzuni kwao.

*

Ko, ko, ko.

Sauti ilitoka kushoto, na mvua ilikuwa inapungua. Tukaifuata pembeni mwa ukuta mpaka tukakuta milango mitatu inayotazama upande wa mji wetu. Wa kwanza ulikuwa wa zamani, vumbi limeganda kwenye herufi. Juu yake kumechongwa HODI. Uso wa mlango ulikuwa laini, haujafunguliwa hata mara moja. Wa pili ulikuwa mpya zaidi, nao umechongwa HODI. Haukufunguliwa.

Juu ya wa tatu mchwa walikuwa kazini. Walikuwa wamejaa kama masizi yanayotembea. H ilikuwa imekwisha. O ilikuwa imekwisha. Walikuwa wakianza D, na kila walipong'oa kipande, mwamba uligonga.

"Tumewasikia," alisema Tumpale. "Tangu nizaliwe tumewasikia. Tukasema mlima unajinyoosha."

"Ndiyo."

"Na ya tatu usipojibiwa…"

"Unaondoka."

Aliangalia nyuma, kule kwenye giza la upande wa mlima, ambako mchwa wangeweza kwenda chini na chini mpaka pasipo na anwani yetu yoyote. "Lakini hawa ni mchwa wetu, mama. Kwa nini wapige hodi? Nani anapiga hodi kwao?"

"Mgeni," nikasema. "Au mtoto asiyejua kama ni wa nyumba ile."

Kishikwambi kikalia. Nikaacha kilie. Nilijua ni nani, na nilijua mchana umekaribia. Niliifungua ile anwani, nikaziangalia nafasi zake kama mtu anayekagua mfuko kabla ya safari. Kama ningebonyeza Onyesha tu, jina lingetokea ubaoni, mji mzima ungefurahi kwa muda wa baraza kuketi, na baraza lingelifuta, au lingeweka bomba na kuinyonya mvua mpaka kwenye Ghorofa ya Wazazi. Kama ningekiacha kimefichwa, wangeleta kidole kingine. Kukiweka chini ya Shule kusingesaidia, kwa kuwa Shule ni ya baraza. Soko ni la baraza. Hata Zahanti ni ya baraza.

Kilichobaki ni nyumba ya mtu. Na nyumba inaruhusiwa mtoto mmoja.

Tumpale aliona nilipokuwa naangalia. Ni mwanangu, amekua chini ya ubao wa menyu, anasoma orodha kuliko wanaolipwa kuisoma. Aliona jina lake la kijivu chini ya nyumba yangu.

"Hapana," akasema.

"Sijasema kitu."

"Kidole chako kimesema. Mama, ni kizuri. Sijawahi kuona kitu kama hiki na sitaona tena. Lakini mtoto nitamlaza wapi? Juu ya mvua?"

"Kwangu. Ulipolala wewe."

"Na Gwakisa?"

"Gwakisa atakohoa ndani. Nitamruhusu kwa maandishi."

"Usinifanyie mzaha!" Machozi yalikuwa yameshachanganyika na maji ya usoni, sikujua ni yapi ni yapi. "Wenzangu wote wamesubiri ghorofa hiyo. Kesho wataniuliza, mama yako amewachukua mchwa akawapa nani? Nitawajibu nini? Na hatujui hata hawa ni nini! Wakiingia wakatula?"

"Wangetaka kutula wasingepiga hodi. Wangekuja kimya, kama ule ukuta wa mjane."

D ilikuwa imepata mgongo wake. Ilikuwa inapata tumbo.

Sikuwa na uhakika, na sisemi kwamba nilikuwa nao. Vijana wa mji wetu walikuwa na haki ya vyumba vyao, na mwanangu kabla yao. Mkurugenzi hakuwa mwizi. Alikuwa mtu mwenye orodha ya watu wanaosubiri na mchwa wachache. Angekuwa mwizi kazi yangu ingekuwa nyepesi. Lakini kuna kitu kimoja nilichokuwa nakijua bila diploma. Mtoto akikuonyesha alichokichora, na alichora kwa sababu alikusikia ukiimba, huwezi kumwambia kwamba karatasi hiyo ilikuwa ya kazi nyingine.

"Tumpale," nikaanza.

"Usiniulize." Aligeuka, akaupa ukuta mgongo. "Ukiniuliza nitasema hapana. Basi usiniulize."

Sikumuuliza.

Nilifungua nyumba yangu. Chini yake, chumba-cha-tumpale. Mkono ulikwenda kwenye Ficha kwa mazoea. Nikautoa. Nikabonyeza Futa. Mfumo ukaniuliza kama nina hakika, nikaweka kidole changu, na jina la mwanangu likatoka kwenye orodha kana kwamba halikuwahi kuandikwa. Mimi niliyemgombeza Mkurugenzi asubuhi nzima kwa ajili ya neno lile.

Kisha nikarudi kwenye ile anwani, mahali palipoandikwa Mzazi: hakuna. Nikagusa. Orodha ya nyumba zote za Kichuguu ikashuka. Nikachagua yangu. Nikabonyeza Hifadhi. Nikabonyeza Onyesha.

Mchwa wakasimama. Wote, kwa pamoja, masizi yakatulia juu ya mwamba. D ilikuwa imekamilika. I haikuanzwa.

"Karibuni," nikasema. Sauti ilitoka mbaya, nikairudia. "Karibuni ndani."

Nyuma yangu, bila kugeuka, Tumpale naye akasema, "Karibuni," kwa hasira, kama mtu anayepokea wageni waliokuja bila taarifa na chakula hakitoshi.

Mlango wa tatu ukafunguka. Ng'ambo tukaona uchochoro wa matangi, na sauti za watoto zikaingia wazi. Mchwa wakaanza kuteremka ukutani kwa mstari mmoja, pole pole, wakipita kando ya miguu yetu bila kuigusa.

Kishikwambi kikalia tena. Safari hii nikapokea.

"Mama Tumpale! Baraza limekaa. Umefuta?"

"Nimefuta, Mkurugenzi."

"Sasa hiki kilichotokea kwenye ubao ni nini? Watu wamejaa Uwanjani wanasoma! Jaribio la nini? Jaribio la mvua?"

"Nilichofuta ni chumba cha mwanangu. Hicho unachokisoma kiko nyumbani kwangu sasa, na kidole changu ndicho chenye nyumba. Njoo ukione, uje na baraza zima, mje na viatu visivyoogopa maji." Nikamtazama Tumpale, aliyekuwa amekinga kiganja mbele yake tone la mwisho lianguke humo. "Lakini ukifika mlangoni, piga hodi kwanza."